Mgomba Tuliouzika Mutuini

Mchungaji alikataa kuombea ndizi. Alisema hivyo hivyo, "Mimi siombei ndizi," akiwa amesimama kwenye veranda yetu kule Mutuini, pembeni mwa Nairobi, na Biblia kwapani, na kama si msiba uliokuwa ndani ya nyumba ningecheka. Haikuwa ndizi. Ulikuwa mgomba mzima, umefungwa kwa shuka nyeupe, umelazwa sebuleni kwenye mkeka, mahali ambapo jeneza la ndugu yangu mdogo lingewekwa kama tungekuwa na maiti ya kutia ndani yake.

Kwetu magharibi mwa Kenya mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Asipozikwa, wazee husema, hukaa njiani. Hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na wale wa nyumbani huanza kusikia mambo. Nimesomeshwa, nina saluni yangu Kenyatta Market, nalipa kodi ya duka kwa wakati, na mambo kama hayo nilikuwa nikiyaita hadithi za nyanya. Lakini mama alikuwa ameanza kupakua sahani ya ziada bila kujitambua. Na baba, ambaye hajawahi kuogopa kitu ninachokijua, alikuwa akitoka mchana kweupe kwenda kutazama nani anatikisa mnyororo wa lango, anakuta hakuna mtu, anarudi kuketi. Mnyororo nilikuwa nikiusikia pia. Nilijiambia ni upepo, ingawa migomba ya nyuma ya jikoni ilikuwa imetulia tuli.

Baba alikuwa sajini. Alistaafu zamani, lakini jeshi halikumstaafu yeye. Taarifa ya habari ilipoanza alikuwa akivuta kiti mbele ya televisheni na kuwajibu wakubwa wa dunia mmoja mmoja. Jeshi, alikuwa akisema, ni la kulinda mpaka. Ukiuvuka unakuwa mgeni mwenye bunduki, na hakuna mgeni anayechukiza kama huyo. Mataifa makubwa hayana marafiki, yana vibarua. Ukipewa msaada na mtu asiyekujua, jiulize anataka figo gani. Pesa kwake ilikuwa ardhi, na ardhi iliyolipwa taslimu. Mikopo ya simu aliiita kupe. Na shule ilikuwa kitabu, mwalimu, na adabu. Mjukuu wa jirani alipotumwa na shule akusanye vizibo vya chupa atengeneze gari, baba alimuuliza jirani kama mtoto anasomea uhandisi au uokotaji taka.

Nilibishana naye kila Jumapili. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi, na mtu aliye sahihi kila mara ni mzigo mezani.

Ndugu yangu ndiye aliyekuwa ushahidi wa imani zake zote. Alisomeshwa kwa ng'ombe na kipande cha shamba, bila mkopo hata shilingi, mpaka akavaa joho. Picha ya joho ikatundikwa ukutani. Kisha akakaa bila kazi. Alituma maombi ya kazi mpaka akachoka, akaishia kuendesha bodaboda hapo hapo Mutuini, akipita chini ya picha yake kila asubuhi na kofia ya chuma mkononi. Siku moja akatuambia amepata kazi ya ulinzi ng'ambo. Kulikuwa na ofisi mjini, ghorofa ya juu kwenye jengo ambalo chini wanauza vifuniko vya simu, na mle ndani palikuwa na zulia jekundu na mwanamke mwenye sauti tamu aliyewaambia watalinda maghala. Nchi yenyewe ilikuwa ya baridi, na ilikuwa vitani.

"Ghala gani linalindwa na watu waliotolewa Afrika?" baba akamuuliza. "Wao hawana wanaume?"

"Baba, ni kazi tu."

"Unaenda kupigana vita vya watu. Sikia, kijana. Askari anapigania nyumba yake. Ukifa kwenye ugomvi wa wenyewe, hata jina lako hawatalitamka vizuri."

"Na hapa napigania nini? Napigania abiria wa shilingi hamsini."

Baba akasema neno ambalo mama hajamsamehe mpaka leo. "Ukivuka lango hili kwa safari hiyo, hesabu umetoka moja kwa moja."

Alivuka.

Ujumbe ulikuja kwa muda, wa sauti, mfupi. Mara ya kwanza alisema kuna theluji. Mara ya pili alisema wamepewa sare na bunduki na kwamba maghala hayapo. Baada ya hapo zikaja sauti ambazo hakusema kitu: upepo tu, na kitu kama mtu anayepumua karibu sana na simu. Nilizisikiliza saluni kwa vipokea sauti huku nikisuka watu. Halafu hata upepo ukakoma.

Miezi ikapita. Siku moja Mkenya mwingine aliyekuwa naye huko akatutumia neno: wale wawili, ndugu yako na rafiki yake, walitumwa mbele na hawakurudi. Jaketi la ndugu yako limeonekana juu ya mtu aliyelala chini.

Baba alisikiliza ujumbe ule akiwa amesimama. Akaniuliza kama kulikuwa na mizinga ya kuwafunika, yaani ya kumpiga adui asiinue kichwa, walipokwenda. Ningejuaje mimi? Akaniambia niulize. Jibu likaja kwamba hapakuwa na kitu.

"Basi amekufa," alisema. "Mtu hatumwi mbele uwanjani bila kufunikwa akarudi. Hiyo ni hesabu."

Mama alilia kwa siku nyingi. Mimi nilimkasirikia baba. Alimzika mwanawe kwa hesabu kabla hata ya kumzika kwa jembe.

Baba alipoamua tuzike mgomba, baba mdogo, anayekaa nyumbani magharibi na anayejua mila, alimwambia angojee. Alisema atakuja mwenyewe kuuzika, na kwamba kitu kama hicho hufanyiwa nyumbani kwa mababu, si kwenye ploti ya kununua. Baba akajibu kwamba ardhi ni ile uliyoilipia, na kwamba jeshi halingojei jamaa. Kwa kuwa mchungaji alikuwa ameshaondoka bila kuombea ndizi, tulibaki sisi watatu na majirani wachache waliosimama mbali wakijifanya hawashangai.

Lakini kosa lilikuwa limeshafanyika asubuhi ile. Mgomba wa kuzikwa hukatwa juu ya ardhi, kipande cha shina tu, kisicho na uhai ndani yake. Baba hakujua. Alikuwa ameondoka kwao akiwa kijana kwenda jeshini, na mila alizijua kama mtu anavyojua wimbo wa taifa wa nchi jirani. Alipochukua jembe badala ya panga na kuanza kuuchimba mgomba mzima, na tunguu lake la chini na mizizi yake, nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Mtu hazikwi bila miguu," alisema.

Tukaufunga vile ulivyokuwa. Utomvu wa mgomba, ukikauka, hugeuka kahawia na hautoki kwenye nguo; kufikia mchana ule shuka ilikuwa na doa ubavuni, likipanuka polepole, mahali hasa ambapo mtu angekuwa amepigwa risasi. Mama alilipangusa kwa leso yenye maji moto. Likarudi. Akapangusa tena, akimwambia mgomba ule pole, pole mwanangu, na mimi nikatoka nje kwa sababu nilikuwa nimeanza kumsikia kama kwamba anajibiwa. Tulipoubeba, ulikuwa na uzito wa mtu. Nasema nilichokishika.

Tukauzika nyuma ya jikoni, kichwa, yaani upande wa majani, kikielekea magharibi.

Baada ya hapo mnyororo wa lango ulinyamaza. Mama akaacha kupakua sahani ya ziada. Baba akarudi kwenye taarifa ya habari, ingawa zilipofika habari za vita vile alikuwa akizima sauti na kutazama picha tu. Nilianza kudhani wazee walikuwa na akili kuliko sisi.

Kisha mvua ikanyesha, na kaburi likachipua. Kilikuwa chipukizi kimoja kilichokunjika kama karatasi, katikati ya kaburi, karibu na mahali ambapo miguu ingekuwa. Mama alikiona kwanza. Alikaa chini kando yake na hakutaka kuondoka, akasema mwanangu hajafa, ananiambia hajafa. Baba akamweleza kwamba tunguu la mgomba likipata maji huota, hata mtoto wa nasari anajua, na huku akieleza nilimwona amerudi nyuma hatua kadhaa kutoka pale kaburini. Nilimpigia baba mdogo simu. Akaniuliza tuliukata vipi, nikamweleza habari za jembe na mizizi.

"Mlizika kitu kinachoishi," akasema mwishoni. "Sasa sijui mmemwita nani."

Saluni yangu ina kioo kirefu ukutani, na mlango uko nyuma ya mteja. Ilikuwa asubuhi, moshi wa nyama choma umeanza kuingia kutoka upande wa pili wa soko, nikimsuka mama mmoja ambaye alikuwa akinieleza habari za harusi. Niliinua macho nikamwona ndugu yangu kwenye kioo. Alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, nywele zimekatwa vibaya, amevaa koti la mtu mnene. Sikugeuka. Nilikuwa na wazo la kijinga lakini lenye nguvu, kwamba nikigeuka mlango utakuwa mtupu, kwa hiyo nikaendelea kusuka huku namtazama humo humo kwenye kioo.

"Madam, unanivuta," mteja akalalamika.

"Niaje, siz," ndugu yangu akasema.

Mteja aligeuka akamtazama, na hapo ndipo nilipojua kwamba yupo. Nilimpiga. Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofanya ni kumpiga kifuani kwa ngumi mbili, na kifua kilikuwa cha mtu. Ndipo nikalia.

Ndani ya gari la kwenda Mutuini alinieleza kwa vipande vipande. Alijeruhiwa, akalazwa, akatoroka hospitalini, akafichwa na watu wa kanisa mpaka waliomhurumia wakampandisha ndege. Simu yake ilichukuliwa huko huko, namba zote zikaenda nayo; na kwa neno lile la baba hakuthubutu kwenda langoni peke yake, ndiyo maana akaja saluni kwanza. Nami nikamweleza kwamba tumemzika. Nilijaribu kulisema kwa utani. Alitazama nje dirishani.

"Kwa hivyo niko na kaburi?"

"Uko nayo. Na imeota."

Nilikuwa nimepiga simu nyumbani kabla ya kupanda gari, na tulifika mvua ikiwa imekatika tu. Baba alikuja langoni akachungulia kwenye tundu la bati. Tulisikia pumzi yake upande wa pili. Hakufungua.

"Wewe ni nani?"

Ndugu yangu akataja jina lake, la babu yake, na la kijiji cha babu yake, kama mtoto aliyepotea sokoni. Kisha sauti ya baba, ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Huwezi kuingia. Uko ndani tayari."

Nilianza kupiga kelele. Nikamwambia ni mwanawe, afungue, nikamwita majina ambayo binti hapaswi kumwita baba yake. Hakunijibu mimi. Alizungumza na ndugu yangu kupitia tundu lile, taratibu, na nikatambua kwamba mzee hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa. Alisema ameongea na baba mdogo. Mtu hawezi kuwa na kaburi lake ndani ya boma na yeye mwenyewe akalala kitandani. Mmoja atamvuta mwenzake, na anayevuta huwa ni yule wa chini. Lazima kaburi lifukuliwe kwanza, mgomba utolewe ukachomwe, ndipo aliye nje aingie. Alikwisha leta jembe. Lilikuwa mkononi mwake.

"Chimba basi, chimba upesi!" mama alikuwa ametoka jikoni. Hakushangaa hata kidogo. Alipanda juu ya mtungi wa maji, akanyoosha mkono juu ya lango na kikombe cha chai, na ndugu yangu akakipokea kwa mikono miwili. Alikunywa akiwa amesimama barabarani, majirani wakitazama.

"Musichimbe," alisema alipomaliza.

Akaeleza. Yule rafiki aliyekuwa naye alikuwa kijana wa Ukambani, mwalimu aliyehitimu na kungoja kuajiriwa mpaka akachoka kungoja. Siku waliyotumwa mbele hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu juzi yake. Ndugu yangu alikuwa na homa, na yule mwalimu akabadilishana naye jaketi kwa sababu lake lilikuwa zito zaidi. Ndiyo maana jaketi la ndugu yangu lilionekana juu ya maiti. Mwalimu alipouawa, ndugu yangu alikaa kando yake kwenye handaki mchana kutwa, akijaribu kumchimbia kaburi.

"Mchanga ya huko ni simiti, baba. Nilikwaruza na kijiko mpaka ikavunjika. Sikuweza kumfanyia hata shimo ya kuku. Nikamwambia nikifika nyumbani nitamzika. Sasa nafika naambiwa kuna kaburi, na hakuna mwenyewe." Alimrudishia mama kikombe juu ya lango. "Hiyo ni yake. Mkimtoa, mimi sikai hapa. Nitarudi town."

Nilijua anachofikiri baba, kwa kuwa nilikuwa nimekisikia kila Jumapili: usilete ugomvi wa watu nyumbani kwako, na usimpe mgeni ardhi hata ya kusimama. Ardhi ile aliilipa taslimu. Aliinunua kwa ajili ya damu yake tu. Na hapa anaombwa amlaze mle kijana asiyemjua, wa kabila lingine, aliyekufa kwenye vita ambavyo baba mwenyewe aliviita vya wapumbavu.

"Mlikuwa mmekaaje?" baba akauliza.

"Bega kwa bega."

"Yeye upande gani?"

"Kushoto."

"Adui alikuwa kushoto?"

"Ndiyo. Risasi zilimpata yeye kwanza."

Nilisikia jembe likiegemezwa ukutani. Kisha mnyororo, safari hii ukiwa na mkono juu yake, na lango likafunguka. Baba alikuwa amezeeka tangu asubuhi. Alimtazama ndugu yangu kuanzia kichwani hadi viatuni, bila kumgusa.

"Ingia," alisema. "Humu ndani hakuna kaburi lako. Kuna mgeni."

Baba mdogo alipopata habari alikasirika, akasema hicho si kitu kinachojulikana, kugeuza kaburi la mtu kuwa la mwingine kama kubadilisha jina la ploti. Akatwambia tutaona. Na kusema kweli tuliona. Ndugu yangu alikuwa akilala vizuri, lakini mgomba ule uliota kwa kasi isiyo ya kawaida, na mama alikataa kabisa kupanda sukumawiki karibu nao. Baba alikuwa akipita pale kila asubuhi na kusimama kidogo. Kama kulikuwa na mazungumzo, yalikuwa ya wanajeshi, na mimi si mmoja wao.

Ndugu yangu alipopata nguvu alisafiri hadi Ukambani akamtafuta mama wa yule mwalimu. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Alikuja Mutuini siku ya Jumamosi, mimi na ndugu yangu tukampokea stendi, mwanamke mfupi, na leso iliyokunjwa vizuri mkononi ambayo hakuitumia. Kwao hawaziki migomba. Nilimweleza njiani nikiona haya, kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba kisichofagiwa. Alisikiliza, akasema ni sawa.

Nyuma ya jikoni alisimama mbele ya mgomba. Majani yake yalikuwa yamepita kichwa chake. Hakulia.

"Kichwa iko upande gani?" akauliza.

"Tulikielekeza kwetu, mama, magharibi," baba alisema. "Hatukujua. Ukitaka, nitamgeuza aelekee kwenu. Nitafanya leo."

Aliushika mgomba kwa mikono miwili akausukuma kidogo, kama mtu anavyopima nguzo. Haukutikisika.

"Wacha. Ameshika."

Kisha akamgeukia ndugu yangu, na nilijua kutoka kwenye uso wake kwamba hili ndilo alilolibeba njia nzima.

"Siku hiyo," alisema, "alikuwa amekula?"

Ndugu yangu alimtazama baba. Nilitazama ardhi. Ndipo baba, ambaye aliwahi kunichapa kwa uongo mdogo kuliko huo, akajisimamisha wima, visigino pamoja, akamjibu kwa sauti ya gwaride.

"Alikuwa amekula, mama. Jeshini hakuna mtu anatumwa mbele na njaa. Hiyo ni sheria, kote duniani."